Nilishinda Mbio kwa Namba ya Rafiki Yangu

Shangazi Helen,

Nisaidie kwa hili kabla mwezi haujaisha. Nina miaka ishirini na minne, nafanya kazi mapokezi katika hoteli yenye matawi Migori na Homa Bay, na kila mwaka hoteli yetu huandaa mbio za kilomita kumi kusaidia wodi ya watoto wachanga, na sheria ni kwamba sisi wafanyakazi hatukimbii, tunagawa maji tu. Nimekuwa mkimbiaji tangu shule ya upili, na kila nikisimama pale na chupa mkononi wengine wakipita, kitu fulani ndani yangu huuma, sijui nikiite wivu au njaa.

Mwaka huu rafiki yangu Liz wa Uriri alijiandikisha, lakini asubuhi ile tumbo likamsokota, akanipa namba yake akasema, "Shika ukimbie, hakuna atakayejua, na si ati utashinda." Wakimbiaji na wafanyakazi sote tulivaa fulana na kofia za hoteli, nikajichanganya na watu nikikusudia kumaliza tu, lakini kufika kilomita ya saba nilikuwa mbele na miguu ikakataa kusikia. Nyuma yangu alikuwa Metrine, msichana anayechekecha dhahabu na mamake kule Macalder. Nilipovuka utepe nilimwona meneja wetu, Bwana Noordin, ameshika maikrofoni, nikavuta kofia usoni, nikapitiliza hadi nyuma ya hema alikokuwa Liz amejipumzisha, nikambandika namba kifuani, naye akajimwagia maji aonekane ana jasho, akapanda jukwaani, akapewa kikombe na nafasi ya miezi sita katika kambi ya mazoezi Homa Bay, chakula na malazi kwa gharama ya hoteli.

Nikavaa aproni nikarudi kwenye maji. Metrine alikuja kuchukua chupa, akacheka, akaniambia, "Siste, yule dada anakimbia kama amefukuzwa na nyuki." Alikuwa ameona mgongo wangu tu.

Sasa kambi inaanza mwezi ujao, na barua yake nimeichapa mwenyewe kwa jina la Liz. Nimemsihi aikatae, anasema, "Wacha roho mbaya, nitajifunzia hukohuko." Nikisema ukweli nitafutwa kazi, na Liz ataniita msaliti. Najichunguza kila siku kama nilikusudia kushinda tangu mwanzo, na mimi ni mtu wa aina gani. Nifanye nini?

Mkimbiaji Asiyetulia, Migori

Mkimbiaji,

Pole. Kugawa maji huku miguu inawasha si jambo dogo. Ungemwomba meneja mapema awaruhusu wafanyakazi wakimbie bila kushindania zawadi. Hukuomba.

Moyo wako umenieleza kwa kirefu. Metrine umempa mistari michache. Swali la wewe ni mtu wa aina gani linaweza kungoja, kambi haitangoja. Yuko msichana Macalder aliyeshinda mbio na hajui, na kesho ataamka akachekeche mchanga huku kitanda chake Homa Bay kikiwekewa mtu ambaye hakukimbia hata hatua moja.

Liz usimchukie, lakini usimngoje. Mwambie leo kwamba Jumatatu unaenda kwa meneja, na akitaka mwende pamoja. Asipotaka, nenda peke yako. Andika ukurasa mmoja na utie sahihi: nani alikimbia, nani alipanda jukwaani, nani alifika wa pili. Majuto yako yapate sentensi moja, mwishoni. Omba barua ya kambi ichapwe upya kwa jina la Metrine.

Huenda ukafutwa. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipwa kwa cheo. Lakini una elimu, na hoteli ni nyingi. Kambi ya Metrine ni hiyo moja.

Kisha nenda Macalder mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Mkute mamake akiwepo, maana naye aliambiwa binti yake ameshindwa. Usianze kuwaeleza kilichokuwa kinakuuma. Mwambie Metrine, "Wewe ndiye wa kwanza." Halafu nyamaza, umwache aseme lolote atakalo.