Siku Ulipokataa Kuitwa Aoko

Mjukuu wangu Thuon,

Hujambo huko Migori? Sisi wa Rangwe tu wazima, ng'ombe wa babu yako amezaa, na mamangu anakusalimu sana. Barua yako imenifurahisha mpaka nimesahau sufuria jikoni! Unauliza nani alikupa jina la wanaume, wenzako wakakucheka, na kama unaweza kuliacha uitwe Aoko, jina la kike.

Ulijipa mwenyewe!

Ulikuwa mchanga, unalia tangu asubuhi, na kwetu mtoto akilia hivyo tunajua anatafuta jina la jamaa aliyekufa. Wanawake wakakutajia shangazi na nyanya wote wa ukoo. Ukazidi kulia. Mimi, msichana wa sekondari niliyekupakata, nikasema, "Thuon." Yaani jogoo. Ndivyo wanaume walivyomwita marehemu baba yangu, kwa kuwa hakuogopa mtu. Ukanyamaza kabisa!

"Hilo ni la mwanaume!" akafoka babu yako, kaka yangu. "Huyu atawika wapi?"

"Si anawika tangu asubuhi?" mamangu akamjibu. "Mchukue basi, umpe jina unalolitaka wewe."

Akakuchukua. "Aoko," akakubembeleza. Ukalia mpaka akafumba macho. Akajaribu tena, polepole: "Thuon?" Ukapiga miayo, ukalala.

"Haya, mzee," akakuambia, "umeshinda."

Ukitaka kulibadilisha sasa, nitakuelewa. Ila usilikatae kwa kunong'ona. Likatae kwa sauti ileile ya siku ile, nasi sote tutasikiliza.

Nyanya yako mdogo,
Achieng'