Mama, Zaina Hakukaa Nje

Mama yangu uliye mbali,

Riziki amelala mgongoni, kwa hiyo ninakuandikia nimeegemea ukuta wa jiko, karatasi juu ya kopo la mafuta ya mawese. Nikikaa chini anaamka. Unajua vile yuko? Hapana, humjui. Alizaliwa wewe umeshaondoka, na mimi bado ninasahau. Usiku akinyonya, macho yangu yanajifumba yenyewe, nakusikia unapita uani na ndoo, nataka kukuita uje umshike kidogo nilale. Halafu nakumbuka.

Baba yake yuko Salamabila anachimba dhahabu. Salamu zake zinafika na pikipiki zinazopita hapa Wamaza, na siku nyingine sabuni. Tuko salama. Ninachoka tu, Mama, uchovu ule ambao mtu anaongea na wewe unaona midomo yake inacheza na sauti inakuja nyuma.

Ninakuandikia juu ya mwezi mkubwa uliopita, usiku wa kuita watoto. Kuna kitu nilifanya katika kazi yako, na sitaki ukisikie kwa mtu mwingine. Dada yako, Mama Mukubwa Feza, amezeeka. Anaweza kufika huko kabla yangu, atakueleza kwa namna yake, na wewe unajua namna yake.

Lakini kwanza nikukumbushe, maana ninapenda kukumbuka.

Jua lilikuwa likishuka upande wa Kasongo, mwezi unapanda upande wa pili, mwekundu, mkubwa kuliko nyumba, na kwa muda ule vyote viwili vilikuwa vinatuangalia. Wamama walikuwa wanaingia mmoja mmoja katika kiwanja cha kutwangia, kila mmoja na unga wake kidogo katika sahani. Wa kanisa na wa msikiti, wote. Unga wote ulikuwa unaingia katika chungu kimoja. Wewe ulikuwa unasonga bugali, mikono myeupe mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilikuwa naamini weupe ule ni wa mwezi, kwamba ukikuangukia hautoki mpaka asubuhi.

Tulikuwa tunakula kimya. Halafu wamama walikuwa wanakaa katika duara, kiganja juu, na kuita watoto. Kila mama anataja wa kwake mmoja mmoja, halafu anasema, "Mungu awaone," na wote wanaitika, "Awaone." Hakuna kitu kingine. Pasta alipokuuliza kama mnaabudu mwezi ulimjibu, "Pasta, mwezi ni taa tu. Mafuta ya taa iko bei." Hakurudi kuuliza.

Sisi watoto tulikuwa tumelala kwenye mikeka nyuma yenu. Nilikuwa ninapigana na usingizi mpaka nisikie jina langu katika kinywa chako. "Sifa." Nikishalisikia, nilikuwa ninaachilia. Ilikuwa kama mtu amenifunika kitenge mpaka mabegani. Majina ya wengine yalikuwa yanaendelea juu yangu, yananipita kama maji, na siku moja niliota nimekuwa jina, ninaruka kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, sina uzito wowote.

Nakumbuka pia ule mwezi mwingine.

Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza. Maziwa bado yalikuwa yanatoka, yanalowesha nguo. Nilikuja na unga wangu kama wengine, nikasogea nikae karibu yako. Ukanishika mkono, ukaniongoza mpaka kwenye kinu kilicholala pembeni. "Kaa hapa kwanza, mwanangu. Mwezi ukirudi, utaingia."

Nilijua. Nilikuwa nimewaona wengine wakikaa pale. Mwenye kutoka kuzika mtoto hana wa kumwita, tena wengine wanaogopa kifo kisisikie majina ya watoto wao. Ndivyo tulivyokuwa tunaelezwa. Lakini kujua na kukaa pale ni vitu viwili. Kutoka kwenye kinu kile duara linaonekana dogo sana, kama la watu walio ng'ambo ya mto. Hukuniangalia. Halafu zamu yako ikafika, ukasema, "Sifa." Uliniita, Mama. Nilikuwa nje na jina langu liko ndani. Mpaka leo sijui kama kilichonipata pale ni uchungu au ni kubembelezwa. Nilishika tumbo langu nikalia bila sauti.

Kesho yake ulinikanda na maji ya moto. Sikukuuliza kitu, na wewe hukunieleza kitu.

Ulipoondoka, wamama walisema mimi nianzishe kuita. Nilikataa. Mama Mukubwa akaniambia, "Sauti yake alikuachia weye. Ulitaka aiachie mbuzi?" Basi nikaanza. Mara nyingine ninasinzia katikati ya majina na mtu ananigusa goti.

Sasa mwezi uliopita.

Iko msichana mmoja hapa, Zaina, mke wa yule fundi wa baiskeli. Ameolewa kutoka Kasongo, hana mama wala dada karibu. Alizaa mtoto wa kiume, mtoto akakaa siku chache tu, akaenda. Jioni ile nikamwona anakuja na sahani yake ya unga. Akaimwaga katika chungu, hakusalimia mtu, akaenda mwenyewe kukaa juu ya kinu. Hakuna aliyemwongoza. Kifuani nguo yake ilikuwa imelowa.

Nikaona ule unyevu, Mama, na kitu kikasimama ndani yangu.

"Zaina, kuya huku."

"Niko muzuri hapa, dada."

"Sikukuuliza kama uko muzuri. Kuya."

Mama Mukubwa akacheka ile cheko yake ya puani. "Sifa, weye bugali yako iko na mabonge kila mwezi, sasa unataka kutufundisha desturi?"

"Mabonge munakula, Mama Mukubwa, na chungu kinabakia tupu."

Wakacheka, hata yeye. Halafu akaacha. "Mwanangu, iko watoto wa kunyonya hapa. Ule akiingia na kilio yake, na kesho mutoto moja akipata homa, tutalaumu nani?"

"Munilaumu miye. Wangu ndiye mudogo kupita wote. Atalala karibu naye."

Nikamfungua Riziki mgongoni, nikamlaza kwenye mkeka, kati yangu na mahali patupu. Usifikiri nilikuwa na nguvu. Niliogopa homa. Niliogopa wainuke wote, na kazi yako ifie kwangu. Na kweli, Mama Mapendo aliinuka, akabeba watoto wake, akaenda bila kuaga. Mpaka leo tukikutana kisimani anaangalia maji.

Zaina akaja. Alitembea kama mtu anayepita juu ya mayai, akakaa, akakunja miguu mbali kabisa na Riziki asimguse.

Nikanyoosha kiganja. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya michikichi, umekuwa mweupe, na nyuso zote zilikuwa za rangi moja, sikuweza kujua nani mzee na nani msichana. Nikaita. "Riziki." Halafu nikasema jina la yule wangu wa kwanza, ambalo mdomo wangu haukuwahi kulitoa mbele ya watu. "Neema. Mungu awaone."

Walioitika walikuwa wachache. Lakini waliitika.

Zamu ya Zaina ikafika. "Sina wa kuita," akasema chini.

"Uko naye."

"Yule?"

"Yule."

Akamwangalia Riziki aliyelala. Halafu akasema, "Hamisi," polepole, kama anaonja kama jina bado liko na chumvi. Na akasema tena kwa nguvu, "Hamisi wangu. Mungu amuone."

"Amuone."

Aliyeitika kwa sauti kubwa alikuwa Mama Mukubwa. Zamu ilikuwa yake sasa. Akaita watoto wake wote ninaowajua, kaka zangu na dada zangu wale. Alipofika mwisho hakushusha kiganja. "Na Mwavita," akasema. Hatumjui Mwavita. Akafuta uso na kitambaa cha kichwa, akanigeukia. "Na wa mama yako, ule wa kwanza, mbele yako. Aliketi juu ya kinu pale pale. Miye ndiye nilimupelekea maji ya kunywa."

"Aliitwa nani?"

"Hakutuambia. Alisema, jina ni yangu, muniachie."

Mama. Maisha yangu yote nimejiona kifungua mimba wako. Watu walikuwa wananiita hivyo na wewe ulikuwa unaitika. Sasa ninarudi kwenye kila mwezi ninaoukumbuka, na katika kila mmoja unanyoosha kiganja, unanyamaza kidogo, halafu unasema "Sifa." Nilifikiri unavuta pumzi.

Sijui kama ulinipeleka kwenye kinu kwa sababu uliamini kweli, au kwa sababu hukuona njia nyingine ambayo mwanamke anaweza kupita. Ningependa kukuuliza tukiwa tunachambua majani ya sombe, bila kuangaliana. Bado nina hasira kidogo, sitakudanganya. Ungeweza kuniita ndani. Lakini sasa hasira hiyo imepata mahali pa kukaa, na iko karibu na wewe, siyo mbele yako.

Hili ninakuambia kama mtu mzima kwa mtu mzima: kukaa nje kumekwisha katika kiwanja chako. Siombi ruhusa. Nitampelekea Mama Mapendo unga na nitaongea naye mpaka achoke, na asipokubali nitarudi tena. Zaina amenisaidia kufua jana. Riziki alimshika kidole, hakutaka kukiachia, na Zaina akakaa hivyo jua lote mpaka nguo zikakauka.

Riziki ameanza kujigeuza, atalia sasa hivi. Lala vizuri huko, Mama, lala kidogo kwa ajili yangu pia. Mwezi mkubwa unakaribia. Nikishaita wangu nitanyamaza kama ulivyokuwa unanyamaza, na katika kimya kile mwite wewe mwenyewe yule wako wa kwanza kutoka huko uliko, kwa jina lake lile. Hatutalisikia. Tutaitika.

Ni mimi, Sifa,
mtoto wako wa pili