Bendera Nyekundu Ikola

Ikola, Jumanne 13 Agosti 1974

Siombi radhi. Luteni anataka barua ya radhi kabla ya paredi, eti nimemwaibisha mbele ya askari.

Kazi yangu ni kusimama ufukweni na bendera, kuliambia lori lishuke kutoka boti la jeshi au lisishuke. Alfajiri niliingia ziwani na mwanzi, nikapima. Upepo wa juzi umehamisha mchanga. Boti linagota kwenye fungu la mchanga, maji ya goti, lakini ukitembea hatua tisa kuja nchi kavu, maji ni ya shingo. Na lori lilibeba watu kumi na wanne. Niliwauliza mwenyewe jana kambini: wanaojua kuogelea ni watatu.

Boti likagota, mlango wa mbele ukashuka, dereva akawasha. Nikainua nyekundu.

"Inua ya kijani, mgambo!" Luteni akafoka kutoka mlangoni. "Huoni maji ya goti?"

"Hapo ni goti, afande. Mbele ni shingo."

"Nani kakufundisha, samaki?"

Wakacheka. Akashuka mwenyewe kutuonyesha. Hatua ya tisa ikabaki kofia tu.

Tulipomvuta, dereva akauliza taratibu, "Afande, na mimi nifuate?"

Sasa anasema ataniondoa kikosini. Naogopa, sikatai. Kazi hii nimeipata bila ndugu wala cheti, na nyumbani Kabungu wananitegemea. Lakini kesho lori linashuka tena.

Barua nimeshaiandika. Goti, hatua tisa, shingo. Chini yake jina langu, basi.