Mfuko wa Mbolea Aliokabidhiwa Mama

Jumamosi, jioni. Mpendae, mjini Unguja.

Mvua imeshika tangu alfajiri, na mimi hasira zimenishika tangu jana. Nimesali, nimekunywa chai, nimekunja nguo za wiki nzima. Bado zipo. Bora niandike.

Mama yangu analima mpunga bondeni kwetu, upande wa Mangapwani. Ni mjane, miguu imeanza kumvimba, lakini kila masika yumo matopeni na wanawake wenzake. Msimu huu waliahidiwa mbolea ya ruzuku. Mpunga ukaota, ukafika magotini, ukaanza kugeuka manjano. Mbolea hakuna.

Juzi wakatangaziwa kuwa imefika. Ijumaa baada ya sala kungekuwa na hafla na mgeni rasmi, na mama kachaguliwa apokee kwa niaba ya wakulima. Akanipigia simu nimpelekee kanga mpya. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Hafla ilifana. Maturubai, viti vya kitambaa, soda za wageni. Mifuko ya mbolea imepangwa mbele kama ukuta. Mgeni akamkabidhi mama mfuko mmoja. Akaambiwa atabasamu, akatabasamu. Akaambiwa ashukuru, akashukuru.

Wageni walipoondoka tu, vijana wakaanza kuirudisha mifuko kwenye lori.

Tulidhani wanaikinga na mvua. Ofisa aliyebaki akatueleza, kwa adabu zote, kwamba mifuko ile ni ya hafla. Inatakiwa kijiji kingine kwa hafla kama hii. Yetu itakuja. Lini, hajui.

Ya hafla!

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mfuko wake, akaukalia, akajitanda kanga vizuri. Ofisa akamfuata, akamwamkia shikamoo, akamwomba ainuke. Mama akamwitikia marahaba, kisha akamwambia taratibu:

"Huu nshakabidhiwa, mwanangu. Watu wote wameshuhudia. Mpunga wangu hauli hafla."

Nikaenda kukaa naye. Bi Mize, jirani yake wa konde, akaja. Kisha wengine, mpaka mfuko haukuonekana tena. Dereva akapiga honi. Ofisa akapiga simu, akaongea kwa mbali huku ametupa mgongo, mwisho akapanda lori, wakaondoka.

Mfuko ukabaki. Mmoja, kwa bonde zima.

Mama alikataa kuupeleka mfuko kwake. Waligawana palepale kwa bakuli, na alichopata kila mmoja hakitoshi hata pembe ya konde lake.

Leo mchana nimemwona mama kwenye taarifa ya habari, anatabasamu, na sauti inasema wakulima wa bonde letu wamepata mbolea kwa wakati. Jirani zangu wamekuja kunipa hongera. Hapo ndipo nilipochomwa moyo hasa. Mbolea wamechukua, sawa; lakini uso wa mama yangu je? Wameutwaa, wakautuma ukawasemee uongo.

Nikampigia, nikidhani nitamkuta analia. Wapi! Yeye na wenzake wameshakubaliana: Jumatatu asubuhi wanakuja mjini, ofisini kwa wakubwa, wote kwa pamoja, na hawatoki bila ya jibu. Alichotaka kujua ni kimoja tu, kama kwangu patatosha watu wote hao kulala usiku wa Jumapili.

Nimemwambia patatosha. Mvua ikipungua nnakwenda Jang'ombe kwa shangazi, kuazima mikeka.