Kadi ya Daktari wa Meno na Juzuu ya Saba

Mpendwa Mshauri,

Hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si dada yangu tunayelala naye chumba kimoja, na hata sasa naliandika huku nimefunika karatasi kwa mkono kama vile tuko kwenye mtihani. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Nilisema uongo mdogo kuhusu mashine ya kutobolea karatasi, na umemwangukia mtu asiye na kosa.

Nina miaka kumi na sita na mimi si mtu wa maneno, mwalimu akiniuliza swali darasani koo hunikauka hata kama jibu ninalo. Kazi pekee ninayoiweza ni kuandika kadi za "Kumbe", ambazo kila Jumatatu kiranja mkuu huzisoma mbele ya shule nzima, halafu hubandikwa kwenye ubao wa kioo nje ya maktaba. Kila kadi ina jambo moja lisilojulikana na wengi, na sharti la mwalimu wa maktaba ni kwamba nyuma yake uandike jina la kitabu na ukurasa. Nimeshaandika kwamba vyakula vya kopo vilikuwepo zaidi ya miaka arobaini kabla ya mtu kubuni kifaa cha kufungulia kopo, watu walikuwa wakitumia patasi na nyundo, na kwamba bidhaa ya kwanza dukani kusomwa na mashine kwa ile mistari myeusi ilikuwa pakiti ya chingamu, na kwamba jiko la maikrowevu lilianza pale mhandisi wa rada alipokuta chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake. Watu husema "kumbe" kwa pamoja, mimi nimesimama mstari wa nyuma na hakuna anayenitazama, lakini Mshauri, hiyo "kumbe" hunishibisha wiki nzima.

Sasa, wiki tano zilizopita niliandika habari ya kampuni maarufu ya michezo ya video iliyoanza kwa kutengeneza karata, na badala ya "kumbe" mtu akasema, "Hiyo tumeiona kwenye simu zamani, lete nyingine," watu wakacheka mpaka kiranja naye akacheka. Nilirudi nyumbani nikapekua vitabu vyangu vyote, kila jambo nililolipata nililiona limechakaa, ndipo nikatunga langu. Niliandika kwamba mashine ya kutobolea karatasi ilibuniwa na daktari wa meno aliyechoka kupotelewa na karatasi za wagonjwa. Sikulisoma popote. Nyuma ya kadi nikaandika jina la ensaiklopidia ya maktaba yetu, juzuu ya saba, ukurasa wa 212. Nilichagua juzuu ya saba kwa sababu ndiyo pekee isiyokuwepo rafuni, ilipotea miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kwenda kuhakikisha.

"Kumbe" ya siku ile haijawahi kutokea. Mpaka leo mwalimu wa hesabu akihitaji ile mashine husema, "Hebu nileteeni kitu cha daktari wa meno."

Lakini Jumatano iliyopita mwalimu wa maktaba alikuwa akibadilisha kadi, akaigeuza ile yangu na kusoma nyuma. Akaniita. "Juzuu ya saba umeiona wapi?" Akaongeza, "Mwanangu, kitabu hicho nimekitafuta miaka miwili. Umekisoma kwa nani?" Mshauri, ningeweza kusema ukweli pale pale, tulikuwa wawili tu, lakini mdomo wangu ukasema, "Kwa mwenzangu."

Shule nzima inajua nina mwenzangu mmoja. Tunamwita Kinanda kwa sababu huimba puani hata akifanya hesabu. Tumekaa dawati moja tangu tuanze shule hii, na ni yeye aliyekuwa wa mwisho kutia sahihi ya kuazima juzuu ya saba. Siku zote amesema aliirudisha, aliiweka mezani mwalimu akiwa hayupo, na watu walikuwa wameshamwamini. Sasa anaonekana mwizi aliyekaa na kitabu nyumbani. Ameondolewa kwenye timu ya chemshabongo ambayo ndiyo maisha yake, na Ijumaa babu yake anayemlea ameitwa kwa mkuu wa shule. Mwalimu hakumwambia nani alimtaja. Jana Kinanda aliniambia, "Nikimjua, sitampiga. Nitamuuliza tu, nilikukosea nini?" Kisha akanigawia nusu ya andazi lake. Nililimeza kama jiwe.

Nikisema ukweli nitapoteza kadi, nitampoteza Kinanda, na kila kadi niliyowahi kuandika wataiita ya uongo. Je, naweza kumwandikia mwalimu barua bila jina? Au ningoje, pengine Ijumaa watamsamehe?

Ni mimi, wa mstari wa nyuma.

*

Mwanangu wa mstari wa nyuma,

Barua yako imefika Jumatatu na nimeipitisha mbele ya barua za watu wazima, maana wao ndoa zao zitangoja lakini Ijumaa haingoji.

Nikupe pole kwanza. Kuchekwa mbele ya umati kunauma, na mtu mnyamavu huumia mara mbili kwa sababu hana la kurudisha. Hilo nalielewa. Pole yenyewe inaishia hapo.

Umenieleza makopo, chingamu na chokoleti, nikafurahi, nikajifunza. Babu wa watu umempa nusu ya sentensi. Huyo ndiye atakayevaa shati lake zuri aje aambiwe kuwa amelea mwizi. Unaniuliza kama pengine watamsamehe. Wamsamehe kwa lipi? Msamaha wa kosa ambalo hakulifanya ni adhabu nyingine, ataubeba mpaka amalize shule.

Barua bila jina hapana. Kadi ile uliipa kitabu na ukurasa ili iaminike, sasa ukweli ndio unataka kuupeleka bila mwenyewe? Nani atauamini?

Usiingoje Ijumaa. Ukisoma hapa gazetini leo Jumatano, kesho asubuhi mtafute Kinanda kabla ya mwalimu, kwa sababu yeye ndiye uliyemkosea, na asisikie habari yake kwa mdomo wa mtu mwingine. Unasema koo hukauka. Basi andika sentensi mbili kwenye karatasi uzisome: niliitunga kadi, na ni mimi niliyekutaja. Usiongeze "lakini". Akikasirika mwache akasirike, hasira ni haki yake. Kisha nenda kwa mwalimu na kadi yenyewe mkononi, na uombe mwenyewe kuirekebisha pale pale kwenye kioo ilipobandikwa.

Wataziita kadi zako zote za uongo? Kwa muda, ndiyo. Nenda ukawaonyeshe kurasa, moja moja. Ulikuwa na ukweli wa kutosha, mwanangu. Kopo na patasi pekee vingenifanya niseme "kumbe" mwezi mzima.

*

Mpendwa Mshauri,

Alhamisi nilimsubiri Kinanda kwenye bomba la maji, nikamsomea sentensi mbili. Aliniuliza, "Nilikukosea nini?" Nikasema hakunikosea kitu. Aliondoka bila kufunga bomba, nikalifunga mimi.

Mwalimu wa maktaba aliigeuza kadi mara tatu, kama vile upande mmoja ungebadilika. Kinanda alirudishwa kwenye timu siku hiyo hiyo. Mimi nimesimamishwa kuandika kadi mpaka muhula uishe, isipokuwa moja ya masahihisho.

Ujumbe wa kumwambia babu asije haukumfikia. Ijumaa alikuja, amepiga pasi shati mpaka mikono. Nilimkuta getini nikamwambia yote mwenyewe, bila karatasi. Akasema, "Yaani nimefunga kibanda changu cha kutengeneza kufuli asubuhi yote kwa sababu ya kitu cha kutoboa karatasi?" Nikasema ndiyo, babu, nisamehe. "Na nani alikibuni hasa?" Nikasema sijui. Akanitazama, akasema, "Hilo lingetosha kuandikwa," akaenda zake kufungua kibanda.

Kinanda amehamia dawati la mbele. Juzuu ya saba haijapatikana.

Jumatatu niliandika kadi: "Aliyebuni mashine ya kutobolea karatasi simjui. Habari ya daktari wa meno si ya kweli, na Kinanda hakuchukua kitabu." Nyuma, mahali pa kuandika jina la kitabu, niliandika jina langu.