Kitanda cha Salma, Michigan

Bausher, Jumatano

Nimechoka, na kura zenyewe si zangu. Tangu alfajiri Mama kakaa mbele ya televisheni na tasbihi mkononi, anaiangalia ramani ya Michigan kama mtu aliyelaziwa mgonjwa humo. Nilimweleza kuwa jimbo hilo moja ndilo litakaloamua nani awe rais Marekani, nikamzidishia khofu. Salma, binti yangu, anakaa huko na wanawe wawili.

Mara tatu Mama kanipigia simu ofisini. "Mwambie Salma anunue mchele na unga. Asitoke mpaka watangaze." Ndivyo alivyokuwa akifanya yeye Unguja kila uchaguzi, kabla hatujahamia huku Bausher; usiku wa matokeo walioshindwa hawakuthubutu kulala majumbani mwao. Nikamjibu kwa ukali kuwa Michigan si Unguja. Najuta, maana mimi mwenyewe nilishamwandikia Salma asubuhi maneno hayo hayo.

Jioni wakatangaza. Salma akatupigia kwa video, kule kumekucha. Mgombea wake kashindwa kwa kura chache, mwenyewe Salma kanuna kidogo, watoto wamekwenda skuli.

Mama akaisogelea simu. "Na nyinyi mlioshindwa, mnalala wapi leo?"

Salma akacheka, alidhani mzaha. "Kitandani kwangu, Bibi."

"Hebu nionyeshe."

Akaigeuza simu. Shuka halijatandikwa, mdoli wa mtoto juu ya mto. Mama akakitazama kitanda kile muda mrefu, kisha akaiweka tasbihi chini.

Na mimi, niliyekuwa nimesimama muda wote huo, nikakaa.