Sura ya Nne Imefungia Mandazi

Mercyline,

Ugali uko kwa sufuria, sukuma kata mwenyewe. ~~Mandazi leo usiuze.~~ Uza, lakini funga na gazeti! Asubuhi umefungia wateja sura ya nne ya thesis yangu, ile msimamizi alisahihisha kwa kalamu, na mwisho wa kuipeleka chuo ni leo saa nane. Nimezunguka mtaa wote wa Raila nikiomba karatasi zenye mafuta. Moja Opondo fundi viatu amekataa kurudisha. Anasema nimeandika mafundi wa hapa hawana chama, na yeye ndiye mwenyekiti. Miaka miwili ya utafiti, na huyu hunishonea viatu kila mwezi! Sikuwahi kumuuliza.

Narudi kwake na kalamu. PhD sijaanza, na msimamizi mwingine ashanipata.

Mama